Moshi wa Jirani na Kikohozi cha Mtoto: Nani Ataulizwa?

 



Ukisimama safuni Ijumaa hizi utasikia kikohozi kabla hujasikia takbira. Mtu huyu anakohoa, yule anapiga chafya, na kule nyuma kwa akina mama watoto wanalia kwa kubanwa kifua. Ukiuliza, jibu ni moja: ni baridi ya Kanyaruchinya, ni mafua ya majira, ni mlima. Na wengine huongeza: ni kadari ya Allah, tufanyeje? Makala haya yanahusu neno hilo la mwisho. Nataka tutazame pamoja kama mtu anayewasha moto uani kwake, moshi ukaenda kwa jirani, mtoto wa jirani akaugua kifua, ana fungu lolote katika ugonjwa ule, au mikono yake ni misafi.

Kwanza tujue tunavuta nini. Sisi tunakaa chini ya Nyiragongo. Mlima ule ulitapika Januari 17, 2002, ukatapika tena Mei 22, 2021, na baada ya mara hiyo ya pili majivu yalitudondokea siku kadhaa. Baina ya miaka hiyo miwili ziwa la moto lilikuwa linachemka juu kileleni na kutoa gesi ya kiberiti kwa wingi ambao ni milima michache duniani inaufikia. Gesi hiyo huwasha koo na kifua. Iko pia ile tunayoiita mazuku, hewa nzito inayotuama mabondeni na kuua mbuzi na watu bila harufu; hiyo ni jambo jingine, haileti mafua, inaua papo hapo. Kisha liko vumbi jeusi la makoro, ambalo kila lori linalopita barabara ya Rutshuru hulinyanyua na kutugawia. Hayo ya mlima hatuna amri nayo, wala hakuna atakayetuuliza kwa nini Nyiragongo inatoa moshi.

Lakini tuwe wakweli. Ukiamka alfajiri kuja msikitini, ule ukungu wa bluu uliolala juu ya mapaa haukushuka kutoka kileleni. Umetoka kwenye mafiga na mbabula zetu. Ni kuni mbichi, ni makala, ni mifuko ya plastiki ya kuwashia, ni viatu vilivyochakaa na matairi yaliyotupwa jalalani na kutiwa moto. Wakumbukeni wenzetu waliokaa hapa kambini mwaka 2012, na wale waliofika tangu 2022 wakakaa mpaka kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025: mashiti yamebanana kiasi kwamba mtu akinyoosha mkono anamgusa jirani, na kila hema na moto wake. Mwenye kutembea pale magharibi alitoka macho mekundu. Walioondoka wameondoka, ila desturi ya kubanana na kupika hivyo imebaki kwenye viwanja vyetu.

Sasa, je, moshi unaleta mafua? Hapa watu wanakosea pande mbili. Wako wanaosema mafua yanatoka kwenye baridi na moshi wenyewe. Sivyo. Mafua, ambayo wengi wetu tunayaita gripe, yanaletwa na kirusi, na kirusi hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa pumzi, chafya na mkono. Ukiwasha moto mahali pasipo na mgonjwa hata mmoja, hutapata gripe. Wako na wanaosema kwamba kwa kuwa ni kirusi, basi moshi hauna hatia. Hao nao wamekosea, na kosa lao ndilo baya zaidi kwa sababu linafanana na elimu.

Allah ameziumba njia za pumzi kwa hekima. Ndani yake mna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyopepea mchana na usiku na kusukuma ute kuelekea kooni ili mtu ateme uchafu au aumeze. Chini zaidi, ndani ya mapafu, mna walinzi wanaomeza vijidudu. Moshi unaharibu walinzi wote wawili. Chembe zake nyingine ni ndogo mno, unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuliko chembe hizo mara 20 au 30, kwa hiyo hazizuiwi na pua. Zinashuka mpaka mwisho wa mapafu. Vinyweleo vinalegea, ute unakuwa mzito, walinzi wanashughulika na masizi na kusahau adui. Kirusi kikija kinakuta mlango wazi na askari wamelala. Ndiyo sababu watoto wawili wanaweza kupata gripe moja siku moja. Mmoja akapona kwa siku tano, na wa pili, aliyelelewa mgongoni mwa mama yake mbele ya moshi, ikamshuka kifuani na kugeuka nimonia.

Na hata kusambaa kwake moshi na vumbi vinasaidia. Mwenye kifua kilichochokozwa anakohoa zaidi, na mwenye kukohoa zaidi anawapulizia wenzake zaidi. Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walichukua simbiliki, wale wale wanaofugwa katika majiko yetu humu Kivu na kuvuta moshi pamoja nasi, wakampaka kirusi cha mafua manyoyani simbiliki ambaye mwenyewe alikuwa na kinga hawezi kuugua. Wakamweka jirani na wengine, na wako walioambukizwa kwa vumbi lililopeperuka kutoka manyoyani mwake tu. Basi usidhani kuwa vumbi unalofagia kavu ndani ya chumba cha mgonjwa ni vumbi tu.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani peke yake uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na ndani yao watoto zaidi ya 237,000 ambao hawajatimiza miaka 5. Wengi wa watoto hao walikufa kwa maradhi ya kifua. Na jambo hili halikuanza leo. Gripe kubwa ya mwaka 1918, ambayo inakadiriwa iliua watu kiasi cha milioni 50 duniani, na Kongo yetu haikusalimika, ilichunguzwa upya na wataalamu karibu miaka mia baadaye. Walilinganisha miji ya Marekani, wakakuta ile iliyochoma makaa ya mawe mengi kwa ajili ya umeme ilizika watu wengi zaidi. Ugonjwa mmoja, mwaka mmoja, na hewa ndiyo iliyotofautiana.

Kisa cha London kina mafunzo ya namna nyingine. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulituama juu ya mji, mchana ukawa kama usiku. Walihesabiwa maelfu ya waliokufa, kiasi cha 4,000. Lakini vifo havikurudi chini moshi ulipoondoka, viliendelea kuwa vingi hadi miezi ya mwanzo ya 1953. Wakubwa wa serikali wakasema: hivyo vya baadaye ni vya mafua. Ikapita karibu nusu karne. Mwaka 2001 wakatokea watafiti waliorudi kwenye madaftari, wakaona mafua hayawezi kueleza ila sehemu ndogo, na kwamba waliokufa kwa ajili ya moshi ule walikaribia 12,000. Tazama jinsi binadamu alivyo. Ugonjwa ulibebeshwa mzigo wa moshi, kwa sababu ugonjwa hauna mwenyewe wa kushitakiwa, na moshi unao. Sisi tunaposema "ni mlima" au "ni kadari", mara ngapi tunafanya hivyo hivyo?

Kuhusu kadari, tusimzulie Allah kile ambacho hakukisema. Kila kitu ni kwa kadari yake, hilo ni katika nguzo za imani. Lakini mkumbuke Khalifa Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, halafu akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.), naye ni katika swahaba wakubwa kabisa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar alimjibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye upande wenye majani na upande mkavu: popote atakapochunga ni kwa kadari, lakini mchungaji mwenye akili anajulikana. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.) na hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kutoingia mahali penye tauni na kutotoka humo kuikimbia. Basi kadari si shuka la kujifunika uzembe. Anayesema "ni kadari" huku ameshika kiberiti juu ya plastiki ajiulize ni upande gani wa bonde anaochunga.

Mmoja katika ninyi aliniuliza swali zuri baada ya swala. Alisema: shehe, mimi moshi wangu ni kidogo. Uani kwetu tuna nyumba nane. Nikizima mbabula yangu, mtoto wa jirani ataendelea kuvuta moshi wa nyumba saba. Basi dhambi yangu iko wapi?

Hili si swali la kudharau. Wanavyuoni wetu wa zamani walilitazama jambo la moshi kwa makini, wala hawakukubaliana. Katika madhehebu ya Imam Malik wako waliotofautisha moshi wa namna mbili: moshi wa hamamu na tanuri la biashara, ambao jirani akidhurika mwenyewe huzuiwa, na moshi wa jiko la nyumbani, ambao unavumiliwa kwa sababu watu hawawezi kuishi bila kupika. Ibn al-Rami, mjenzi wa Tunis wa karne ya 14, aliandika kitabu kizima cha hukumu za majengo na madhara baina ya majirani, na moshi umo. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i mlango ni mpana zaidi: Imam Nawawi ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mtu anaweza kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na nyumba za watu kuwa hamamu, ilimradi achukue tahadhari na aimarishe kuta. Wengine husoma ruhusa wakasahau sharti lake. Na kuta za mabanzi na mashiti haziimarishiki.

Mimi naona, wallahu aalam, kwamba wanavyuoni wale walikuwa wakimtazama jirani mmoja na moshi wake mmoja. Hawakuona viwanja kama vyetu, ambapo moshi wa kila mmoja unavumilika na moshi wa wote unaua. Kwa hali hii mfano ulio karibu zaidi ni ule Mtume (s.a.w.) aliotupigia wa watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini, na wa chini wakataka kutoboa tundu sehemu yao ili wasiwasumbue wa juu kwa kupita na maji. Tundu liko kwao, lakini bahari haiulizi tundu ni la nani. Hewa ndiyo jahazi letu. Ukubwa wa tundu lako haukuondolei ulizo, unapunguza tu kiasi cha ulizo. Mtu akiiba nafaka moja katika gunia la yatima ameiba, hata kama gunia halikupungua kwa macho.

Lakini hapa nawaomba mnisikilize vizuri, nisije nikafanya dini kuwa rungu la kumpiga maskini. Mama anayewasha mafiga matatu kwa kuni ili watoto wale hana kosa. Hakuchagua moshi, amechaguliwa. Mama zetu wangapi waliingia porini kutafuta kuni hizo, wakakutana na mabaya tunayoyajua na tusiyoyataja? Kisha kuna maji. Mwishoni mwa 2022 kipindupindu kiliingia hapa hapa Kanyaruchinya, na tuliwaambia watu wachemshe maji. Kuchemsha maji ni moto. Mwenye kuacha kuchemsha kwa kuogopa moshi ameondoa dhara kwa kuingiza dhara kubwa zaidi, na kanuni ya sheria ni kuwa dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake, na yakikutana mawili huchukuliwa lililo jepesi. Chemsha maji. Ila chemshia nje au penye upepo, kwa kuni kavu, na sufuria iwe na kifuniko, na mtoto mchanga asiwe mgongoni.

Makala nayo, wengi wanadhani ni salama kwa kuwa hayana moshi mwingi. Ni kweli masizi yake ni machache kuliko ya kuni. Lakini yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na mwenye kuingiza mbabula chumbani usiku wa baridi na kufunga mlango amejiweka karibu na mauti yeye na wanawe. Hilo halina udhuru, hata baridi iwe kali namna gani. Blanketi la kuazima ni bora.

Tena tusidanganyane kwamba kila mtu akinunua jiko zuri mambo yamekwisha. Huko Guatemala, kaya zaidi ya 500 za milimani zilifuatiliwa. Waliopewa jiko lenye bomba la kutolea moshi walipata nafuu, nimonia kali kwa watoto ilipungua kwa kiasi cha theluthi. Lakini Malawi, watoto zaidi ya 10,000 katika vijiji 150 walifuatiliwa, nusu ya vijiji wakapewa majiko bora, na matokeo yaliyotolewa 2017 hayakuonyesha tofauti yoyote katika nimonia. Kwa nini? Majiko mengine yaliharibika, na watoto walikuwa bado wanavuta moshi wa takataka, wa sigara na wa kwa jirani. Hapo ndipo swali la ndugu yetu wa nyumba nane linapata jibu lake. Ni kweli mbabula yake moja haitoshi kumwokoa mtoto. Kwa hiyo wajibu wake hauishii kwenye mbabula yake, unafika mpaka kwenye kikao cha nyumba nane, nao wakae wakubaliane saa ya kupika, mahali pa kupikia, na takataka ziende wapi. Kwamba peke yako huwezi si ruhusa ya kukaa. Ndiyo sababu ya kusimama na wenzako.

Na ulizo si sawa kwa wote. Mwenye lori linalotoa moshi mweusi na ana fedha ya kulitengeneza, mwenye jenereta aliyeielekeza kwenye dirisha la mpangaji, mwenye duka anayekusanya mifuko na chupa za plastiki kila jioni na kuzitia moto kwa kuwa ni rahisi kuliko kulipa wa kuzibeba, hao wana njia nyingine na wameiacha. Vile vile mwenye uwezo ambaye nyaya za umeme wa Matebe, kituo kilichofunguliwa Rutshuru mwaka 2015, zimepita mlangoni kwake, na angali anapikia gunia la makala ya msitu wa Virunga kwa sababu wali wa makala una ladha. Wali huo analipia nani? Kwa maoni yangu wenye uwezo wakitaka kutoa sadaka msimu huu, jiko bora kwa mjane au gharama ya mita kwa mwenye watoto wadogo si pungufu ya mkeka wa msikiti. Mikeka tunayo.

Neno lililobaki ni la hapa msikitini. Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu au kitunguu kibichi ajitenge na msikiti kwa sababu ya harufu tu. Na asili ya kuoga Ijumaa, kama swahaba walivyoeleza, ni watu waliokuja kutoka makazini na jasho katika nguo za sufi wakawaudhi wenzao. Naye mwenyewe alipopiga chafya alikuwa akifunika uso wake kwa mkono au nguo na kupunguza sauti. Ikiwa harufu ina hukumu, kirusi je? Mwenye homa na kikohozi kikali amesamehewa Ijumaa; aswali Adhuhuri rakaa nne nyumbani, wala asione haya, na tusimseme. Mwenye mafua mepesi aliyekuja afunike mdomo. Na madirisha ya pande zote mbili yatafunguliwa kuanzia adhana ya kwanza mpaka watu watoke, hata kukiwa na baridi, isipokuwa kama jalala la nyuma linawaka. Likiwaka, vijana wawili waende wakalizime kabla ya khutba kuanza.